Mfuko Uliobana

Mteja aliyetaka nguo pana hakwenda kwa Mama Pindo. Fundi huyu alisifika kwa nguo za kukaa mwilini. Alipima, akakata, kisha akapunguza tena pembeni, akasema, "Hapo sasa umependeza." Kama huwezi kupumua, hilo lilikuwa shauri lako na mapafu yako.

Alishonea nyumbani, chumba cha mbele. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kupigia pasi ukutani. Juu ya kabati ilikaa laptopu ya zamani, iliyoachwa na binti yao alipoolewa. Betri yake ilikuwa imechoka, kwa hiyo laptopu ilifanya kazi kwenye umeme tu. Herufi nyingine zilikuwa zimefutika. Mumewe, aliyekuwa fundi wa baiskeli, aliiita "bibi kizee". Lakini kila Jumapili bibi kizee alishushwa kwa mikono miwili na kufutwa vumbi, kwa sababu Jumapili ilikuwa siku ya kuonana na Dada.

Dada alikuwa dada mkubwa wa Mama Pindo. Aliishi mbali, kwa mwanawe. Alizaliwa kiziwi, na hakupata shule ya kumfundisha kusoma. Tangu utotoni yeye na mdogo wake walizungumza kwa mikono, kwa alama walizojitungia nyumbani. Mama Pindo alikuwa na simu ndogo ya vitufe, na simu ya sauti ingemfaa nini kiziwi? Bila laptopu ile, ndugu hao wawili hawakuwa na njia ya kusemezana.

Tena Dada alikuwa mgonjwa wa macho. Daktari aliuita ugonjwa huo presha ya macho.

"Unapunguza kuona kidogo kidogo, kuanzia pembeni," daktari alieleza. "Kilichopotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki. Aitie machoni kila siku, bila kukosa."

Dada aliichukia dawa ile kwa sababu ilimwasha. Mwanawe akimbembeleza, alifumba macho, na kiziwi akifumba macho mazungumzo yamekwisha. Aliyemweza alikuwa mdogo wake peke yake. Kila Jumapili Mama Pindo alimtania, akamkaripia, akamchekesha, mpaka Dada akaahidi kuitia dawa wiki nzima. Na ahadi aliitimiza.

Intaneti yenyewe ilitoka kwa jirani. Huyo alikuwa muuguzi, na mtaa mzima ulimwita Nesi. Kisanduku chake cha waifai kilikaa upande wa pili wa ukuta. Alimpa Mama Pindo neno la siri kwa moyo mkunjufu. "Tumia, jirani. Ukuta wenyewe haukatazi," alisema.

Siku moja Nesi alikuja kujaribu gauni lake jipya la maua ya bluu. Akainua mkono. Mkono ukagoma njiani.

"Jirani, limenibana."

"Limekukaa."

"Mimi kazi yangu kuinua wagonjwa, Mama Pindo. Nipanulie kidogo makwapani."

"Wenzako wananifuata kutoka mbali kwa mkato huo huo."

"Basi wape hao. Mie nataka kupumua!"

Nesi alisema akicheka. Mama Pindo hakucheka. Alilitundika gauni msumarini, na likabaki hapo hapo. Mabaki ya kitambaa akayashonea mfuko wa laptopu, ili vumbi lisiingie. Aliupima kama alivyopima kila kitu. Laptopu iliingia kwa kusukumwa na kutoka kwa kuvutwa.

"Naona bibi kizee amepata gauni," mumewe akasema. "Sijui kama anapumua."

Jumapili iliyofuata Mama Pindo aliivuta laptopu kutoka mfukoni, akaiwasha. Intaneti hakuna. Pale chini pembeni, alama ya waifai ilikuwa na mkato mwekundu. Alibonyeza huku na huku. Akazima, akawasha tena. Hakuna kitu.

"Nesi amenifungia," alisema.

"Kwa kosa gani?" mumewe akauliza.

"Gauni. Amebadilisha neno la siri ili anikomoe."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, na mtu keshajibu kwa vitendo?"

"Labda mashine imezeeka tu. Sisi wazee tunajuana."

"Wiki iliyopita haikuwa imezeeka?"

Mumewe akatoka kwenda kwenye baiskeli zake. Hakupenda kelele za nyumbani.

Basi Mama Pindo akaanza kununa. Nesi akipita na kusema habari za asubuhi, yeye alikuwa ana pini mdomoni. Nesi akigonga mlango kuulizia gauni, alijibiwa kutoka ndani, "Bado!" Nesi alishangaa, kisha akaacha kugonga. Jumapili moja ikapita, na nyingine, na nyingine.

Kila Jumapili mpwa wake alipiga ile simu ndogo. "Mama mdogo, mama amekaa mbele ya skrini. Amevaa gauni lake la njano. Nimwambie nini?"

"Mwambie jirani kanikatia intaneti."

Lakini kijana alijua alama chache tu za mama yake: za chakula, za kulala, za dawa. Habari za majirani na waifai hazikuwemo. Alichoelewa Dada ni kwamba mdogo wake haji.

Mama Pindo angeweza kupiga hatua chache mpaka mlango wa pili na kuuliza. Alilijua hilo. Kila alipotaka kwenda, kiburi kilimshika mkono, akarudi kwenye cherehani.

Kisha mpwa wake akapiga simu siku ya kazi.

"Mama mdogo, sikutaka kukutia wasiwasi. Mama ameacha dawa. Tangu mlipoacha kuonana. Ukimshika kichwa anakigeuza. Leo amemimina chai kando ya kikombe, akaendelea kumimina."

Mama Pindo aliiweka simu chini. Alilichukua gauni la maua ya bluu msumarini, kwa kuwa hakutaka kwenda mikono mitupu, akaenda kugonga kwa Nesi.

"Jirani," alisema, "nimekuja kukuomba. Kama nilikukosea juu ya gauni, nisamehe. Nifungulie intaneti. Dada yangu anapofuka."

Nesi alikodoa macho. "Nikufungulie? Kwani nani amekufungia?"

"Hukubadilisha neno la siri?"

"Nibadilishe nini, mama? Neno ni lile lile. Hebu twende nikaone."

Nesi aliingia chumba cha mbele, akatoa simu yake kubwa.

"Jambo la kwanza," alisema, "usianze na mtu. Anza na kifaa kingine. Ona, simu yangu inapata intaneti hapa hapa kwako. Kwa hiyo kisanduku ni kizima na mawimbi yanafika. Tatizo liko kwenye laptopu."

Akaiwasha laptopu na kubonyeza ile alama yenye mkato mwekundu.

"Sasa angalia. Hapa pangekuwa na orodha ya majina ya waifai za jirani. Ningekuwa nimebadilisha neno la siri, jina langu ungeliona, ila ungedaiwa neno jipya. Lakini hapa hakuna jina hata moja. Langu halipo, wala la duka la pale mbele. Unajua maana yake?"

"Sijui."

"Maana yake laptopu yenyewe imeziba masikio. Haisikii waifai yoyote."

Mama Pindo aliinamisha kichwa. Neno hilo la masikio lilimchoma.

"Je, ndiyo imekufa?" aliuliza.

"Tusiizike kwanza. Nyingine huwa zimewekwa kwenye hali ya ndege, ile inayozima mawimbi yote. Ukikuta kialama cha ndege kimewaka, kizime. Hapa hakipo. Nyingine zina kitufe kwenye kibodi, kimechorwa mnara. Hapa pia sikioni. Na hizi za zamani..." Nesi aliinyanyua, akapapasa kingo zake taratibu kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa. "Hizi za zamani nyingi zina swichi ndogo ya waifai ubavuni. Wodini kwetu tunazo za namna hii. Mimi mwenyewe ilinihangaisha siku nzima, kumbe niliigusa kwa mkono. Hii hapa!"

Ilikuwa swichi ndogo mno, ukingo wa mbele. Nesi aliisukuma kwa ukucha. Taa ndogo ya bluu ikawaka. Orodha ya majina ikajitokeza, na waifai ya Nesi ikajiunga yenyewe, bila kuuliza neno la siri.

"Ni hivyo tu?" Mama Pindo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni hivyo tu. Ingekataa, tungefuta jina la waifai na kuliingiza upya. Na kama kipokezi cha waifai cha ndani kingekuwa kimekufa kweli, kuna vipokezi vidogo vya kuchomeka pale unapochomeka flashi. Laptopu haitupwi kwa hilo. Ila nani aliizima hii swichi? Unaihifadhi wapi?"

Mama Pindo akauleta mfuko. Akaisukuma laptopu ndani, waya wake wa umeme ukiwa bado umechomekwa, ikaingia kwa shida kama kawaida yake. Akaivuta. Ukingo wa kitambaa ulipita juu ya swichi na kuiburuta.

Taa ya bluu ilikuwa imezimika.

Nesi aliugeuza mfuko, akayaona maua. Akatazama gauni lake, akatazama mfuko tena.

"Jirani yangu," alisema polepole, "hata laptopu?"

Siku nyingine Mama Pindo angecheka. Siku hiyo aliketi kwenye kiti cha cherehani na kulia. "Nimekuchukia wiki zote hizi," alisema. "Na mkono uliofunga ni wangu mwenyewe."

"Ungenigongea tu," Nesi alisema. "Na mimi ningegonga tena. Nilikuona umenuna, nikasema atapoa. Nami nina langu la kujutia. Haya, futa machozi. Dada yako asikuone hivyo. Mpigie mpwa wako afungue mashine."

Picha ilipokuja, Dada alikuwa amekaa upande, ametazama ukuta. Alikuwa amekonda. Mwanawe alimgusa bega, akamwonyesha skrini. Dada aligeuka, akasogeza kichwa huku na huko kama anayechungulia kwenye tundu la kifungo.

Mama Pindo alirusha mikono yote miwili, mbio mbio kama zamani. Nisamehe, mashine ilizimika, sikukuacha. Dada alikunja uso. Mikono ilimpotea. Ilipofika pembeni hakuiona.

"Rudi nyuma kidogo," Nesi alisema taratibu. "Mikono iweke karibu na kidevu, isitoke hapo. Fanya polepole. Na una kitambaa cheusi? Tukitundike nyuma yako, mikono ionekane."

Walitundika bitana nyeusi ukutani. Mama Pindo akarudi nyuma, akaweka mikono chini ya kidevu. Akafanya ile alama ambayo Dada alimtungia alipokuwa mtoto, ndiyo jina lake: vidole viwili vinavyokunja upindo wa nguo.

Dada alitulia. Kisha naye akakunja upindo hewani.

Akauliza kwa mikono, "Ulikuwa wapi?"

Mama Pindo alieleza. Zamani habari hiyo ingekwenda upesi, na utani ndani yake. Sasa kila neno alilifanya peke yake, akangoja, akalirudia. Mengine Dada hakuyapata. Ule utani wao wa vidole, mwepesi, uliowachekesha tangu utoto, ulikuwa umekwenda na zile Jumapili. Mama Pindo aliona hivyo, akajua kwamba hautarudi.

"Dawa," alisema kwa mikono. "Tia sasa. Nakuona."

Dada alimtazama muda mrefu. Kisha akainua kichwa, na mwanawe akamtilia dawa, jicho moja, halafu la pili. Tangu siku hiyo hakuikosa tena. Alipokwenda kupimwa, daktari alisema kuona hakujapungua zaidi. Kuongezeka hakukuongezeka. Lakini alichobaki nacho Dada kilitosha kumwona mtu mmoja kwa wakati mmoja, na Jumapili mtu huyo alikuwa mdogo wake.

Hayo yalikuja baadaye. Siku ile, Dada alipomaliza kupangusa machozi ya dawa, alitaka kuona hicho kilichowafungia. Mama Pindo aliuinua mfuko wa maua ya bluu mbele ya kile kitambaa cheusi. Dada aliuchungulia kwa jicho la fundi, kutoka kona hadi kona, mshono baada ya mshono. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika sindano.

Aliweka vidole viwili pamoja, akavibana. Akatikisa kichwa. Kisha akaviachanisha taratibu. Aliwahi kufanya alama ile ile juu ya gauni la kwanza la Mama Pindo, wote wawili walipokuwa wasichana na macho yake yalikuwa mazima.

"Umebana. Acha nafasi."

Mama Pindo alichukua wembe. Akaleta mfuko karibu na kidevu, pale Dada alipoweza kuona, akaanza kuufumua uzi mmoja mmoja. Nesi aliketi kando, na gauni lake mapajani, akingoja zamu yake.