Nimekanyaga

Ijumaa ile jioni, jua likiwa limeshajificha nyuma ya kilima, nilikwenda kununua chupa ya mafuta ya breki. Moja tu. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, kukaza, kunawa mikono. Kesho yake saa tano asubuhi gari lilitakiwa kusimama mbele ya kanisa likiwa na bibi harusi ndani.

"Mzee Emil," alinitania Vernon wa duka la vipuri, "hicho chuma chakavu bado hujakizika?"

"Kesho linapeleka bibi harusi."

"Kakubali mwenyewe au mmemfunga kamba?"

Nilicheka. Kucheka ndiyo kazi niliyoiweza. Kwa miaka hamsini nimecheka na watu wa mji huu, nimekula nao pierogi, zile sambusa za kuchemsha, kila Ijumaa kwenye ukumbi wa kanisa, nimebeba majeneza yao. Hakuna aliyewahi kujua anacheka na nani.

Gari lilikuwa la dada yangu, Millie. Valiant ya mwaka sitini na nne, ndogo, nyeupe, gia zake ni vitufe vya kubonyeza kushoto mwa usukani. Agosti ya mwaka sabini na nne, Millie aliteremka nalo mlima wa Kessler akaenda kugonga ukuta wa reli. Barabarani hapakuwa na alama hata moja ya matairi kuburuzika. Mumewe alikuwa amemwacha miezi mitatu kabla. Watu wakaunganisha mambo wenyewe. Hawakusema hadharani, walisemea jikoni.

"Hakukanyaga breki," mama alikuwa akirudia mpaka siku anakufa. "Millie wangu hakukanyaga hata kidogo."

Binti yake, Paulette, alikuwa na miaka minne. Alikua na maneno hayo masikioni. Aliamini kwamba mama yake alimfikiria pale mlimani, akaona hatoshi kuwa sababu ya kukanyaga breki.

Mimi nilijua ukweli. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Siku moja kabla ya ajali, mimi na Millie tulitoa upepo kwenye breki za gari lile. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine analala chini penye gurudumu na spana yake. Wa chini anasema, "Kanyaga." Wa juu anajibu, "Nimekanyaga." Wa chini anafungua skrubu, mafuta yanaruka na mapovu yake, anafunga, anasema, "Achia." Hivyo hivyo mpaka mapovu yaishe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa kwenye gurudumu la nyuma, kulia, marafiki zangu walipopiga honi. Tulikuwa tunakwenda Pittsburgh kutazama besiboli. Skrubu ile niliikaza kwa vidole. Kwa vidole tu. Nikajiambia nitarudi na spana.

"Tayari?" Millie aliuliza.

"Tayari."

"Una hakika, Emil?"

"Dada, acha maneno bwana. Nina hakika!"

Breki za wakati ule zilikuwa na njia moja tu ya mafuta. Mafuta yakivuja kwenye gurudumu moja, magurudumu yote manne hayana breki. Kila alipokanyaga, yalitoka kidogo. Juu ya Kessler yakaisha kabisa.

Gari lilipovutwa mpaka nyumbani, baba akiwa bado hospitali na mwili wa Millie, nilitambaa chini yake nikaikaza skrubu ile kwa spana. Kesho yake baba alizikagua skrubu zote. Nilisimama pembeni nikamtazama akizigusa moja moja, na sikufungua mdomo.

Basi majira ya baridi yaliyopita Paulette alikuja. "Mjomba, litengeneze lile gari. Sina kitu kingine cha mama. Yeye hakunitaka, sawa. Lakini binti yangu ataolewa kwa gari la bibi yake."

Ningekataaje? Nilikata kutu ya sakafuni nikaunga bati jipya. Nilitafuta pua nyingine ya gari mpaka Ohio. Nikaweka breki za diski mbele, na masta silinda mpya, pampu ya mafuta ya breki, yenye vyumba viwili, ili upande mmoja ukikataa mwingine ushike. Nilifanya kila kitu isipokuwa kusema.

Paulette alikuwa aje saa moja jioni kunikanyagia breki. Sikutaka. Sikutaka akae kwenye kile kiti huku mimi nimelala chini na spana. Nilitafuta pampu ndogo ya mkono, ya kufyonza mafuta, nimalize peke yangu kabla hajafika. Dolores, mke wangu, alikuwa kanisani na wanawake wenzake wakipanga meza ya biskuti za harusi.

Nikashusha mlango wa gereji. Nikalala chini. Gurudumu la nyuma, kulia.

Friji ya zamani iliyokuwa pembeni ikanyamaza.

Nilichomeka mpira wa pampu kwenye skrubu. Na mdomo, kwa mazoea tu, ukaponyoka...

"Kanyaga."

Kimya.

Kisha springi za kiti cha mbele zikalia.

Kriii...

Bomba la breki likakazana chini ya vidole vyangu. Mafuta yalikuwa yanasukumwa kutoka mbele.

"Nimekanyaga."

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ya mwanamke anayeongea huku amebana pini za nywele mdomoni. Millie alikuwa akiongea hivyo kila asubuhi mbele ya kioo. Halafu harufu ikashuka chini ya gari taratibu: sigara za menthol na dawa ya nywele.

Mikono yangu ilifanya kazi yenyewe. Nikafungua. Mapovu. Nikafunga.

"Achia," nilinong'ona.

Tup. Pedali ikarudi juu.

Nilitaka kutoka. Nilikuwa bado nimelala chali, baridi ya saruji ikinipanda mgongoni, na kabla sijasema neno lingine springi zililia tena.

"Nimekanyaga."

Niliiacha spana ikaanguka sakafuni.

"Nimekanyaga... Nimekanyaga, Emil."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa ananisaidia kazi. Alikuwa anatoa ushahidi, na shahidi wake nilikuwa mimi peke yangu.

Nilijiburuza nikatoka, nikashika mlango wa gari, nikachungulia. Hapakuwa na mtu. Lakini kiti kilikuwa kimebonyea. Na pedali ya breki ilikuwa chini kabisa, imegandamizwa sakafuni. Imekaa hapo. Hakuna mguu.

Nyuma yangu mlango mdogo wa gereji ukafunguliwa.

"Aa, kumbe umeshapata mtu wa kukanyaga," alisema Paulette. Alikuwa amevaa gauni zuri la kuendea mazoezi ya harusi, yale ya mkesha. "Nimemwona Anti Dolores kupitia dirishani, kakaa kwenye usukani. Nywele kazipandisha hizo! Anataka kumzidi bibi harusi?"

"Dolores yuko kanisani."

Tabasamu likamtoka. Alikitazama kiti. Akanusa.

"Mjomba, nani anavuta sigara humu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Siku zote huwa tayari. Nilimtazama mtoto wa dada yangu, ana mvi sasa, ana makunyanzi ambayo mama yake hakuishi kuyapata, nikaona aibu hata ya kupumua mbele yake.

"Nilikaza kwa vidole," nilisema.

"Nini?"

Nikamwambia. Skrubu, honi, besiboli. Nikamwambia Millie aliniuliza kama nina hakika, na nilivyomjibu. Nikamwambia nilivyotambaa chini ya gari baba akiwa hospitali. Sikulia, maana sikuwa na haki ya kulia mbele yake. Nikiwa naongea, pedali ilianza kupanda. Polepole. Sote wawili tuliiona.

Tup.

Paulette hakupiga kelele. Aliegemea mlango wa gari.

"Kwa hiyo alikanyaga," alisema.

"Alikanyaga."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini, mwanangu."

"Usiniite mwanangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Miaka hamsini, Mjomba. Sijawahi kuweka ua kwenye kaburi lake. Hata moja. Na kila Krismasi ulikuwa unakaa meza moja na mimi."

"Najua."

"Hujui kitu." Akanyoosha mkono. "Nipe spana."

Nikampa.

"Ingia. Kaa pale alipokaa."

Nikaingia. Kiti kilikuwa na joto. Kwenye kioo cha upande wa kulia nikamwona akipiga magoti, kisha akalala juu ya saruji na gauni lake zuri, penye gurudumu la nyuma, kulia.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nilisikia spana ikishika skrubu. Nikaisikia ikizunguka. Sikuweza kujua inazunguka kukaza au kulegeza, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka yote sikulijua: wa juu haoni chochote. Anaambiwa tu.

Akainuka. Akajifuta mikono kwenye gauni. Akaenda akapandisha mlango wa gereji mpaka juu. Nje giza lilikuwa linaanza, na mwisho wa mtaa wetu taa za mteremko wa Kessler zilikuwa zimewaka.

"Nenda kalijaribu," alisema. "Likirudi salama, kesho litambeba binti yangu."

"Tayari?" nilimuuliza.

"Tayari."

Nilitaka kumuuliza kama ana hakika. Badala yake nikafunga mlango wa gari. Upande wangu wa kulia, kiti cha abiria kikabonyea taratibu, na harufu ya menthol ikanijia karibu kabisa na shingo.

Nikawasha gari, nikabonyeza kitufe cha gia, nikatoka kuelekea mlimani.