Mwito wa Kwanza

Asubuhi ile pale kiwandani Gazipur ilikuwa ya kawaida kabisa: cherehani zinanguruma, pasi za mvuke zinafuka, wanawake wanapiga soga bila kuinua macho kwenye mishono. Hosne Ara alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, maana ndiye aliyeteuliwa kiongozi wa dharura wa ghorofa ya nne, na fahari ilimjaa. Mdogo wake, Jorina, aliyeshona kola karibu na dirisha, msuko wake ukinukia mafuta ya nazi, hakuacha kumtania.

"Dada, leo umekuwa chungwa! Tukumenye?"

Vicheko vilikatika mkufunzi wa mazoezi ya moto alipoingia. Aliwaonya wasikimbilie mlango wa nyuma, kwa kuwa ngazi zake zilizibwa kwa matofali tangu moto wa zamani, na waliofia humo hawakutolewa wote. Umeme ukikatika, alisema, king'ora hakitalia. Basi kiongozi atasimama kwenye ngazi za mbele na kuita watu kwa majina. Ukiitwa, inuka, nenda.

Wakajaribu. Hosne Ara akaita. Hakuna aliyetikisika. Akaita tena, wakamtazama tu. Alipoita mara ya tatu, wote wakainuka kama waliopatana.

Mkufunzi akawaka. "Mna nini nyie? Mkisubiri mwito wa tatu mtakuwa mkaa!"

"Mwanangu," akajibu Mama Monowara, mshonaji mkongwe kuliko wote, "kwani kwenu hamna Nishi?"

Kijana yule wa mjini akacheka. Lakini wanawake wale wa vijijini walilelewa kwa wali na kwa hofu ya Nishi. Nishi, pepo wa usiku, huiga sauti ya mtu umpendaye, akakuita umfuate, na anayemfuata harudi. Ila hawezi kuita mara tatu. Kwa hiyo mwenye akili zake hungoja ya tatu. Baba yao kina Hosne Ara hakungoja.

"Nishi ni wa usiku," Hosne Ara akasema, aibu imemshika. "Sasa ni mchana."

"Humu taa haizimwi mchana wala usiku," Mama Monowara akanong'ona. "Nishi atajuaje?"

Samaki mkunje angali mbichi, na hawa walishakauka. Hata hivyo Hosne Ara aliwakunja. Aliwabembeleza, akawatisha, mpaka wakazoea kuinuka kwa mwito wa kwanza. Wote isipokuwa Jorina. Mama yao alipokufa alimwachia Hosne Ara huyo mmoja tu, na kila alipomwona ameketi, akisubiri, alimwona anaungua.

"Moto haungoji, Jorina. Nikikuita mara moja, unakuja. Niapie."

Machozi yakamlengalenga Jorina. "Sawa, dada. Mara moja tu."

Alhamisi, baada ya adhuhuri, umeme ukakatika. Hosne Ara alikuwa juu ya paa, anakula wali na dengu. Mashine zikanyamaza. Akangoja jenereta iwake. Haikuwaka.

Ndipo akasikia sauti chini yake. Sauti yake mwenyewe.

"Jorina! Njoo huku!"

Tonge likamdondoka. Hakuwa amefungua kinywa. Akakifungua sasa, apige ukelele, amwambie asiende. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Kimya. Akashuka mbio, mkono kooni.

Ghorofa ya nne ilikuwa nusu giza. Wanawake wameketi.

"Umepitia wapi?" Mama Monowara akamnong'oneza. "Si umemwita sasa hivi, kule nyuma? Ameinuka palepale. Mtoto mtiifu."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mbele yake, ukuta wa matofali. Mzima. Utando wa buibui haukuguswa. Jorina hakuwepo.

Polisi walisema ametoroka na mwanamume. Hosne Ara alitaka kuwaambia ni waongo wakubwa, lakini sauti haikurudi. Daktari alimulika koo lake, akasema halina kasoro. Haijarudi mpaka leo.

Wenzake wakienda kula, yeye huweka sikio kwenye ukuta ule. Mwanzo hamna kitu. Kisha pumzi. Kisha mnong'ono, karibu sana.

"Dada? Humu giza. Tuko wengi humu, na wote wananiita kwa sauti yako. Sijui nimfuate nani. Kama ni wewe kweli, niite mara tatu."

Hosne Ara hupanua kinywa mpaka taya zinauma. Moyo unamwita Jorina, Jorina, Jorina, mara elfu. Nje hakisikiki kitu. Aliwahi kupiga ukuta kwa kiganja, mara tatu, kwa nguvu. Ndani yakajibu makofi. Mengi. Toka juu mpaka chini. Jorina akaanza kulia, asijue tena kofi lipi la kuamini.

Mwenye kiwanda aliamuru ukuta upigwe plasta na chokaa juu yake. Fundi alifanya kazi safi. Asubuhi, katikati ya ule weupe, ilikuwa imechomoza ncha ya msuko wa nywele. Mlinzi akaikata kwa mkasi wa nyuzi, akaifagia. Kesho yake ilikuwepo tena, imesukwa upya, inanukia mafuta ya nazi.