Sauti ya Tlamara

Ndegetabibu ilipaa kutoka juu ya paa la hospitali, haina rubani, haina king'ora, tumboni imebeba damu ya kumwokoa mzazi aliyekuwa akizidiwa. Muuguzi hakuielekeza kwa ramani wala kwa tarakimu. Alitamka neno moja tu, "Mpwapwa," na chombo kikageuza pua yake kuelekea mashariki. Alipomaliza kufunga dirisha, kilikuwa kimekwisha kuwa nukta juu ya vilima vya Dodoma.

Aliyelisikia neno hilo na kulielewa alikuwa Mnadi. Mnadi hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine iliyojua majina ya mahali pote duniani, toka miji mikuu hadi visima vya jangwani. Zamani mto mmoja ulibadili jina kila ulipovuka mpaka, na mji mmoja uliandikwa namna tano katika ramani tano. Misaada ilipotea njiani. Ndipo Baraza la Majina la Dunia lilipoamua kuwa kila mahali pawe na jina moja rasmi, na Mnadi awe mlinzi wa majina hayo. Vyombo vyote vya angani, vya majini na vya barabarani vilimtii yeye.

Mhandisi Emiliana Akonaay alikuwa mlezi wa masikio ya Mnadi, yaani mitambo inayopokea sauti za watu, kwa Afrika Mashariki. Aliipenda kazi hiyo, na alipoulizwa anafanya nini, hakujibu kwa sauti ya chini. Lakini wiki ile, Baraza lilipokutana Dodoma kwa mara ya kwanza, alipita katika vyumba vya Jumba la Majina bila raha. Miongoni mwa mambo ya kuamuliwa lilikuwamo jina la kijiji alikozaliwa.

Kijiji hicho kilikuwa katika nyanda za juu za Mbulu, nacho kiliitwa Tlamara. Sauti yake ya kwanza si ya kila ulimi. Ncha ya ulimi hugusa kaakaa, kisha pumzi huchomoka kwa nguvu pembeni mwa meno. Wairaqw, wenyeji wa huko, huitamka tangu utotoni bila kufikiri. Masikio ya Mnadi, hata hivyo, yalikuwa na kichujio cha kuondoa kelele za upepo na mikwaruzo ya mitambo, na kichujio hicho kiliihesabu pumzi ile kuwa kelele. Kiliifuta, kikabakiza "Tamara." Na Tamara ilikuwapo kweli, kituo kidogo cha bondeni, mbali na milima.

Masika yaliyopita, mkulima mmoja wa Tlamara aitwaye Gwandu Sulle aliumwa na kifutu akivuna viazi. Alimwita Mnadi kuomba msaada. Ndegetabibu ikaruka na dawa ya sumu ya nyoka, ikashuka Tamara kwa ustadi mkubwa, ikasubiri mgonjwa ambaye hakuwapo. Gwandu alifia shambani.

Sasa Baraza lilikuwa na pendekezo jepesi. Kijiji cha milimani kibadilishwe jina, kiitwe Tamara Juu.

Mjane wa Gwandu, Veronika, aliitwa Dodoma kusema neno kwa niaba ya wanakijiji. Emiliana alimpokea mlangoni mwa Jumba.

"Shikamoo, Mama Basso."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huku mjini hamli?"

Emiliana alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alimketisha, akamshika mkono.

"Mama Basso, kuna jambo sikutaka ulisikie kwanza mbele za watu. Mnadi huhifadhi sauti za wote wanaomwita. Sauti ya Baba Basso ipo. Kwa sheria, hakuna wa kuifungua ila wewe."

Veronika alimgeukia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye shuka la rangi ya udongo mabegani, na uso usiopenda kuonyesha mambo.

"Umeisikiliza?"

"Hapana. Si haki yangu."

"Basi tuisikilize pamoja."

Walipotoka katika chumba cha sauti, macho ya Emiliana yalikuwa mekundu. Ya Veronika yalikuwa makavu.

"Nipeleke kwa hao wakubwa," alisema. "Na hiyo sauti ije."

Ukumbi wa Baraza ulijaa wajumbe wa mataifa. Mwenyekiti, Bwana Tavita Leota wa visiwa vya Samoa, alikuwa mtu mpole aliyeitumikia kazi ya majina maisha yake yote. Maneno yake yaligeuzwa Kiswahili na mkalimani wa mashine papo hapo.

"Mama, tunakupa pole," alisema. "Hatutaki mtu mwingine afe kwa kosa hili. Jina jipya ni jepesi, na kila sikio la Mnadi litalisikia. Kukiondoa kichujio ni jambo jingine. Kichujio kilekile kimo katika kila sikio la Mnadi duniani. Tukikigusa, ndegetabibu zote zitatua chini hadi kazi iishe. Je, watakaohitaji damu saa hizo tuwaambie nini?"

Minong'ono ya kukubali ikapita ukumbini. Hata Emiliana alijua kuwa hoja ile si ya mtu mbaya.

Veronika alisimama. "Naomba mumsikilize mume wangu," alisema.

Sauti ikajaa ukumbini, sauti ya mwanamume anayehema. "Tlamara. Nimeumwa na nyoka. Leteni dawa Tlamara." Kisha sauti tulivu ya Mnadi: "Tamara. Msaada umeanza safari." Mwanamume yule akatambua. Alikusanya pumzi zilizobaki, akalitamka jina polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Tla-ma-ra." Mnadi akajibu kwa upole uleule: "Tamara. Msaada uko njiani."

Kisha upepo tu.

Veronika aliwageukia wajumbe.

"Mmemsikia," alisema. "Alilisema vizuri. Amekufa akilisema vizuri. Wengi wamekuja kuniambia kwamba mume wangu hakueleweka. Nami nasema hakusikilizwa." Akamgeukia mwenyekiti. "Baba, hilo jina lenu jipya litabandikwa kwenye kibao, nasi tutalisoma. Lakini mtu akiumwa hakumbuki kibao. Huita kwao kwa jina alilonyonya kwa mama yake. Mkituandika Tamara Juu, atakayeumwa kesho ataita Tlamara, na dawa itashuka bondeni tena."

Bwana Leota aliinamisha kichwa. Alipokiinua alimtazama Emiliana. "Mhandisi, ndege zote zitatua. Hilo nalo ni kweli. Una jibu?"

Emiliana alisimama.

"Ninalo, Mheshimiwa. Kichujio hakihitaji kuondolewa. Kinahitaji kufundishwa. Tutalilaza sikio la eneo moja, na majirani zake wasikilize kwa niaba yake. Likiamka limejifunza, tunalaza la pili. Hakuna ndege itakayotua. Nimelijaribu jambo hili katika maabara yetu hapa Dodoma, na sikio la mfano lilitambua sauti hii bila kukosea. Ni kazi ndefu. Tutahitaji wanakijiji wa kila lugha watupe sauti zao. Wairaqw wataanza, nami nitasimamia."

"Kwa Tlamara tu?"

"Kwa kila jina ambalo masikio yetu yamelipunguza. Yapo maelfu, Mheshimiwa. Nina hakika hata visiwani kwenu yapo."

Mwenyekiti aliinuka kitini. Kisha, mbele ya mataifa yote, akazima mkalimani na kujaribu kulitamka jina kwa ulimi wake mwenyewe. Likatoka "Kalamara." Mtu mmoja alicheka kwa woga.

"Ulimi juu, baba," Veronika alimwambia, akimwonyesha kwa mdomo wake. "Pumzi itoke kando."

Akajaribu tena. Safari hii lilitoka likichechemea, lakini lilitoka. Alipoitisha kura, mikono iliinuka safu kwa safu, na jina la Tlamara likathibitishwa kama wenyewe wanavyolisema. Wafanyakazi wa Jumba waliokuwa wakichungulia milangoni walipiga vigelegele, na Emiliana, ambaye hakuwahi kulia mbele ya wenzake kazini, alilia waziwazi.

Kazi ile ilikula miezi. Watu wa Mbulu walipanga foleni kutoa sauti zao, wazee kwa watoto, wakijiona kama watu wanaoweka saini kwenye mkataba wa dunia.

Masikio ya ukanda ule yalipoamshwa, Emiliana alimsindikiza Veronika nyumbani. Walipanda gari lijiendeshalo lililokuwa likipeleka watu kwenye mnada wa mifugo. Lilikata kona ya mwisho ya mlima, likapunguza mwendo, likasimama, na sauti ya Mnadi ikasema, pumzi ikitoka pembeni kama inavyopasa:

"Tlamara."

Abiria walilipuka kwa shangwe. Mzee mmoja alipiga kiti kwa kofi, kina mama wakaimba. Veronika peke yake hakupiga makofi. Aliketi ameshika mfuko wake mapajani hadi kelele zikatulia.

"Emiliana," alisema, "liambie liseme tena."

Likasema tena. Veronika alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho wa neno. Kisha akajifunga shuka vizuri mabegani, akashuka.