Diski ya Nne

Haya yalimkuta rafiki yangu Sifaeli, fundi kompyuta wa Soweto, hapa Mbeya. Mathew, mwenye ghala moja kule Ilomba, alimwita mchana wa mvua. Seva inayotunza picha za kamera ilikuwa inalia tu, kwenye chumba kisicho na dirisha.

Kioo kilionyesha diski nne, zote nzima. Sifaeli akaifungua seva, akakuta tatu.

“Ya nne niliichoma moto mwenyewe,” Mathew alifoka. “Ifute hapo kwenye kioo!”

Ndiyo iliyokuwa na picha za siku mlinzi wake, Kulwa, alipofia ghalani. Mathew alidai Kulwa aliteleza. Aliteleza wapi, kwenye sakafu kavu? Mazikoni Mathew hakukanyaga. Watu walipokuwa wanatupia udongo kaburini, mama yake Kulwa alisema, “Konzi ya udongo ya bosi wake iacheni. Ataitupa mwenyewe.”

Kila Sifaeli akiifuta, inarudi. Mara umeme ukakatika. Seva ikazima, lakini kwenye ile nafasi tupu diski ikasikika inazunguka. Kisha kimya.

“Fundi, washa tochi! Mkono wangu!”

Sifaeli akawasha ya simu. Mathew alikuwa anahangaika kukunjua ngumi, haikunjuki, na udongo mbichi unachuruzika katikati ya vidole.