Chukua Dalmas

Mshale wa tano ulitokea Jumanne, saa tisa mchana, na aliyeuona kwanza ni Benta. Katika ile gemu ya mpira kila mmoja wao alikuwa na mshale wa rangi yake juu ya kichwa cha mchezaji anayemwendesha. Wa Walter mwekundu, wa Gordon bluu, wa Benta manjano, wa Dalmas kijani. Watu wanne, pad nne za kuchezea, mishale minne. Sasa katikati ya uwanja alikuwa anakimbia mchezaji mwenye mshale mweupe, na hakuna mkono wa mtu uliokuwa unamwendesha.

Mbarak, mwenye ukumbi wa gemu, aliitoa CD, akaipangusa kwa shati lake, akairudisha. Mshale mweupe ukawa umepotea. Akawaambia waache kutafuta visingizio vya kushindwa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyorithi kwa baba yake, pale Manyatta, dirishani blanketi limetundikwa ili jua lisipige kioo cha televisheni. Kabla ya mashine kuja, shangazi yake Zeituni alikuwa anafukiza udi humo kila Alhamisi, na hakuna mtu aliyelala humo. Alimwambia Mbarak kwamba chumba kina mwenyewe. Mbarak akacheka, akasema mwenyewe ni yeye, hati anayo.

Mwaka huo wa tisini na saba magugu maji yalikuwa yamefunika ziwa, na timu ya hao wanne, ya Manyatta, ilikuwa imefungwa kwenye gemu na ya Kondele mabao sita kwa sifuri. Tusidanganyane, walistahili. Wote wanne walikuwa wanaufukuza mpira pamoja kama kuku waliotupiwa mahindi, huku nyuma hakuna mtu. Gordon, aliyekuwa boda boda wa baiskeli, alikuwa hawezi kusimama steji ya Kondele kungoja abiria bila kuonyeshwa vidole sita.

Walter ndiye aliyetengeneza mambo. Alikuwa muuza suruali za mitumba Kibuye, mtu wa kupanga, na kupanga watu hakukumshinda. Kila mtu na eneo lake: Benta nyuma, Gordon pembeni, yeye katikati, mdogo wake Dalmas mbele. Mtu asikae na mpira. Na zaidi ya yote, waongee. Anayetaka mpira aseme nipe. Anayeutoa aseme chukua, na amtaje anayepewa. Chukua Benta. Chukua Gordon. Baada ya wiki mbili walikuwa timu kweli, wakaipiga mashine kwenye kiwango chake kigumu kabisa.

Isipokuwa Dalmas. Huyo alikuwa fundi saa mwenye vidole vya ajabu, na mchoyo. Nipe alilisema kutwa nzima. Chukua hakulisema hata mara moja. Akifunga bao watu waliojaa mlangoni waliimba jina lake, ilhali mpango ulikuwa wa Walter, na Walter alikuwa anaumia. Nyumbani pia ilikuwa hivyo hivyo. Mama yao, Rosa, alikuwa na wana wawili, lakini ukimsikiliza akiongea ungedhani ana mmoja.

Mshale mweupe ulirudi siku ya pili, na ya tatu. Mbaya zaidi, ulikuwa unacheza vizuri. Ulikaa eneo lake, ulifungua nafasi, ulirudisha mpira kwa mguso mmoja. Kisha Gordon akagundua kwamba kwenye benchi, kati yake na Benta, kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na kwamba kwa siku tatu wote walikuwa wanabanana pembeni kuiacha wazi, na Dalmas alikuwa anacheza amesimama, na hakuna aliyemwambia aiache. Harufu ya magugu maji yaliyooza ilikuwa inatoka hapo, na ziwa liko mbali.

Alhamisi sauti ilisema, "Nipe."

Ilikuwa ya chini, karibu na sikio la Gordon. Kwa mazoea tu Gordon akabonyeza, akaupeleka mpira nyuma, akasema, "Chukua Benta."

Pad ya Benta ikaanguka sakafuni. Benta mwenyewe hakuanguka. Alibaki ameketi, macho kwenye kioo, na vidole vyake vikaendelea kubonyeza hewa, gumba la kushoto, gumba la kulia, na walipomwita hakuitika, na walipombeba hadi nyumbani kwao vidole vilikuwa vinabonyeza mgongoni kwa Gordon njia nzima, na Gordon akawa analia mbele ya watu bila kuona haya.

Siku ya tatu Zeituni aliletwa. Alifukiza udi, akauliza ni nani aliyesema nini. Wakamweleza.

"Mama Zeituni, mimi sikupeana mtu," Gordon alisema. "Mimi nilikuwa napatia yeye mpira."

"Kwa Kiswahili cha kwetu sisi, ukitaka mtu abebwe unasema mchukue," Zeituni alimjibu. "Lakini huyu mwenye chumba amekaa Manyatta tangu kabla mimi sijazaliwa. Anasikia Kiswahili chenu. Na nyinyi mkisema chukua mtoto, mnataka mtoto abebwe."

Akamwagiza Gordon aseme hivi: simtoi, nilikosea, nilikuwa natoa mpira. Gordon akasema hivyo hivyo. Vidole vya Benta vikatulia. Akaomba maji.

Zeituni akawaeleza kwamba yule hakudanganya wala hakuiba, alichukua alichopewa, na amerudisha kwa sababu aliyetoa hakukusudia. Akamtaka Mbarak akifunge chumba. Mbarak akaahidi atakifunga, baada ya mechi ya marudiano na Kondele. Watu wa namna hiyo hawakosi neno baada. Basi Zeituni akawaambia angalau neno chukua lisisikike tena mle ndani. Waseme shika.

Benta aliapa hatakanyaga pale tena. Jumamosi iliyofuata, siku ya mechi, wakabaki watatu. Mbarak alikuwa ameazima kifaa cha kuunganisha pad nane, wanne kwa wanne, na watu wa Kondele walipoona pengo walicheka, wakasema wako tayari kucheza na watatu. Gordon alitaka waahirishe. Walter aliiokota pad ya Benta, akaiweka kwenye ile nafasi ya benchi, taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni sahani.

"Wacha ikae hapo," alisema.

Gordon alimtazama, kisha akaketi, akashika pad yake. Na hapo ndipo ninapomlaumu hata yeye.

Mshale mweupe ulikuwa uwanjani tangu dakika ya kwanza. Watu wa Kondele walidhani ni mashine. Walter hakuwahi kucheza na mwenzake kama yule. Alikopeleka mawazo, mpira ulikuwa umeshafika. Mabao yakawa matatu kwa matatu, zikabaki sekunde chache, na Dalmas alikuwa na mpira. Walter alikuwa peke yake mbele ya lango. Alisema nipe. Alisema mara ya pili, akamtaja kwa jina. Dalmas akacheka, akamzunguka beki, akarudi kumzunguka tena, na mlangoni watu wakaanza, Dalmas, Dalmas, na harufu ikapanda kooni, na pale kwenye benchi, mahali ambapo hakuna mtu, sauti ya chini ikasema kwa upole, kama inayomsaidia, "Nipe."

Walter alijua. Alikuwapo Gordon alipolia, alimwona Benta akibonyeza hewa, na neno nipe lilikuwa mdomoni mwake mara ya tatu, tayari. Akaligeuza.

"Chukua Dalmas," alisema.

Dalmas aliacha kucheka. Vidole vyake vikalegea, kisha vikabonyeza mara moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatoa pasi. Pasi nzuri sana. Walter akafunga. Watu wakamnyanyua juu, wakaimba jina lake hadi Mbarak akaizima televisheni apate kuwatoa nje. Ni hapo Gordon alipoona kwamba Dalmas bado amesimama mbele ya kioo cheusi, anabonyeza.

Wazee wa kanisa la Rosa waliomba siku mbili mfululizo, hakuna kilichobadilika. Ndipo Zeituni akaja, akachoma udi, akamweka Walter miguuni pa kitanda alicholazwa Dalmas nyumbani. Rosa alikuwa ameshika kichwa cha mwanawe. Gordon alisimama mlangoni.

"Simtoi," Walter alisema. "Nilikosea. Nilikuwa natoa mpira."

Vidole havikutulia. Midomo ya Dalmas ikafunguka, ikatoa ile sauti ya benchi, na hewa ya ziwa lililooza ikakijaza chumba.

"Mpira tayari alikuwa nao Dalmas."

Rosa hakuelewa. Hajawahi kuitazama gemu hata siku moja. Gordon alielewa, akatoka nje, na tangu siku hiyo hajampa Walter mkono. Zeituni naye alielewa. Alimvuta Walter uani, akamwambia kwa sauti ya kunong'ona kwamba aliyetoa kwa kutaka harudishiwi bure.

"Kuna jina lingine unaloweza kumpa," alisema. "Ukilitaja, ndugu yako atainuka saa hiyo hiyo."

"Jina gani?"

"Lako, baba."

Akafunga udi wake kitambaani, akaenda. Mbarak alikwisha kukifunga chumba, lakini chumba hakikuwa na mwenyewe tena.

Tangu hapo, kila siku ifikapo saa tisa mchana, Dalmas hugeuza kichwa, humtazama Walter na kusema, "Nipe." Walter huwa yuko pale. Ameacha kibanda chake Kibuye mikononi mwa watu, anamwosha ndugu yake, anamgeuza, anakaa naye. Huliweka bakuli magotini, hulowanisha midomo, huvuta pumzi. Kila siku hudhamiria kwamba leo atasema. Ni maneno mawili tu, na mdogo wake ana miaka ishirini na miwili.

"Chukua," husema, na hapo jina lake mwenyewe humfika kwenye meno kabisa. "Chukua uji."

Na humpelekea kijiko mdomoni. Rosa, aliyeketi pembeni, hujifuta machozi kwa kanga na kumwombea Walter baraka kwa Nyasaye, Mungu wake, kisha huwaambia majirani kwamba katika umri wake wote hajawahi kuona mtu anayempenda ndugu yake namna hii.