Mafuta ya Boti ya Wakili

Maiti ilikuwa imekaa kwenye usukani wa boti, mikono mapajani, kama dereva anayesubiri abiria. Mkata matete aliyeikuta asubuhi aliisalimu mara mbili, akakasirika kwa kutoitikiwa. Aliposogea ubavuni ndipo alipoona kisogo kilichopasuka.

Inspekta aliingia majini na buti zake, akinung'unika. Hakuyapenda maji, na siku hiyo hakuyapenda zaidi. Manyunyu yalikuwa yakidondoka tangu alfajiri, ziwa limekuwa rangi ya majivu, na matete yalikuwa yamejisokota kwenye rafadha inayosukuma boti hadi injini ikazima.

"Ni yule wakili, afande," Koplo alisema. "Mwenye boti mpya ya starehe. Kila mwisho wa wiki yuko ziwani."

Daktari wa polisi alikuwa ameinama juu ya marehemu. "Kapigwa kwa nyuma, pigo moja, na kitu kipana cha mbao. Alikufa jana alasiri."

"Hapa kwenye kiti?"

"Hapana. Damu iko kule nyuma sakafuni. Mtu alimnyanyua, akamkalisha."

Inspekta alikitazama kile kiti. Muuaji anayemtupa mtu majini humaliza kazi upesi na ushahidi ukazama. Huyu alijipa taabu ya kumweka marehemu vizuri, na jambo hilo lilimkera Inspekta kwa sababu hakulielewa.

"Tanki?" aliuliza.

Koplo alifungua kifuniko, akachungulia. "Limejaa karibu pomoni, afande."

Tanki hilo ndilo lililompeleka Mama Pampu mahabusu kabla ya saa sita mchana.

Mama Pampu alikuwa na kituo cha mafuta juu ya gati, pampu moja na kibanda cha mabati. Pwani yote ile ya ziwa, mtu akitaka petroli ya boti alikwenda kwake. Kituo cha barabarani kilikuwa mbali, na wenyewe hawakukubali kujaza madumu. Kwa hiyo mkuu wa kituo cha polisi alipiga hesabu yake fupi. Mama Pampu alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba wakili hataonja tone lake tena. Tanki la wakili lilikuwa limejaa. Basi walikutana, wakagombana, akamuua. Mkuu alitaka mama huyo afikishwe mahakamani kesho yake kwa kosa la mauaji.

"Umempata muuaji, unataka nini tena?" mkuu alimwuliza Inspekta.

"Nataka kujua yale mafuta yalinunuliwa wapi."

"Kwa nani mwingine, kama si yeye?"

Inspekta alishuka mahabusu. Mama Pampu alikuwa amekaa kwenye sakafu ya saruji, kitambaa cha kichwa kimemwanguka begani, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulisema hatapata tone," Inspekta alianza.

"Nilisema, na hakupata. Mtu kaondoa boti mpira wa pampu ukiwa bado ndani ya tanki! Kaukata, petroli imemwagika gati zima, kisha ananitukana mimi. Ningemwuzia tena ili iweje, atuunguze?"

"Jana ulimwona?"

"Nilimwona akipita. Hakusimama. Nikasema moyoni, huyu atakwama huko mbele. Hajawahi kutazama tanki huyu, anaendesha kwa kudra."

"Na akikwama?"

Mama Pampu alimtazama kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa kama mvua inalowesha. "Atamwita mwenzake, afande. Mtu aliyeishiwa mafuta ziwani haachwi. Awe adui yako, unampelekea dumu. Mengine mtaongea nchi kavu."

"Hata wewe ungempelekea?"

"Ningempelekea huku namtukana." Kisha akakivuta kitambaa, akakikunja mikononi. "Mwanangu, mimi sijaua mtu. Nikienda huko mahakamani, sitarudi."

Inspekta alijua hivyo. Alikuwa amewahi kuwaona watu wakienda rumande kwa hesabu fupi kama hiyo na kutoka wakiwa vikongwe. Alipanda ngazi, akaipigia simu maabara, akawasumbua mpaka wakachoka naye.

Jibu lilikuja asubuhi. Mkemia alimwekea chupa mbili mezani. Katika ya kwanza petroli ilikuwa ang'avu. Katika ya pili ilikuwa na wekundu kidogo.

"Hii ang'avu ni ya pampu ya gati. Hii nyingine ni ya boti ya marehemu. Ina oili ndani."

"Chafu?"

"Imechanganywa makusudi, na kwa kipimo kizuri sana. Injini za boti za zamani hunywa petroli iliyotiwa oili, bila hivyo zinakauka na kufa. Lakini injini ya marehemu ni mpya. Oili yake ina mahali pake peke yake. Mwenye boti ile asingeweka mchanganyiko huu kwenye tanki."

"Pampu ya gati inauza iliyochanganywa?"

"Haiuzi. Kila mtu huchanganya mwenyewe akifika kwake." Mkemia alitoa karatasi ndogo ya kuchujia. "Na hii ilikuwa kwenye kichujio cha injini. Unga wa mbao. Laini, wa msasa."

Inspekta aliutazama ule unga kwa muda. Jana yake tu alikuwa amempa pole mtu mwenye unga kama huo kwenye nyusi.

Koplo aliingia na taarifa kutoka kampuni ya simu. Mtu wa mwisho kupigiwa na wakili alikuwa kaka yake.

Kaka mtu alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba ya mama yao, mlango wa nyuma ukitazama maji, na pale mlangoni kijiboti chake cha zamani kilikuwa kimefungwa kwa kamba. Walimkuta akipiga msasa ubao. Sanduku la kumzikia mdogo wake lilikuwa juu ya meza, bado halina kifuniko.

"Karibu, afande. Samahani kwa vumbi," alisema. Alikuwa mtu mkubwa, mpole wa sauti. "Mama kakataa la kununua."

"Pole tena, mzee. Nina maswali machache."

"Uliza tu."

"Ulisema hukuongea na mdogo wako juzi."

Msasa ulipunguza mwendo. "Ndivyo nilivyosema."

"Alikupigia simu alasiri."

Seremala alipuliza vumbi la ubao.

"Kule chini ya meza kuna dumu. Halina kifuniko. Lina nini?"

"Petroli ya boti yangu."

"Imeshachanganywa na oili?"

"Nachanganya nikishanunua tu. Miaka yote."

"Ndiyo hiyo tuliyoikuta kwenye tanki la mdogo wako. Ikiwa na unga wa mbao zako."

Seremala aliutazama mkono wake. Inspekta aliona jambo likimwingia polepole, jambo dogo ambalo hakulifikiria kabisa siku ile. Alikaa kwenye kigoda.

"Yake haichanganywi," alisema. "Nilisahau. Najua vizuri kwamba yake haichanganywi."

"Una haki ya kunyamaza, mzee."

"Nimenyamaza tangu juzi. Inatosha." Alijipangusa uso, akajipaka vumbi zaidi. "Alinipigia. Kaka, nimekwama, nimeishiwa, niletee dumu. Nikaacha kazi nikaenda. Nilikwenda kumwokoa, afande. Lijue hilo."

"Nalijua. Kisha?"

"Nikamfikia, nikapanda kwake na dumu langu. Anacheka. Nikamwambia, wewe utakufa kwa uzembe huu, mwanaume mzima huwezi kutazama tanki? Akasema..." Aliuweka msasa chini. "Unajua habari za binti yangu?"

Inspekta alizijua kidogo. Mwaka jana msichana alikuwa kwenye boti ya baba yake mdogo upepo ulipovuma. Injini ilizima, mawimbi yakaipiga boti ubavuni, msichana akatupwa majini.

"Mwanangu wa pekee," seremala alisema. "Mdogo wangu aliniambia injini iliharibika. Nikamwamini. Nikamfuta machozi mimi, mfiwa! Nikamwambia, chuma ni chuma, usijilaumu. Mwaka mzima namwambia hivyo. Juzi nimemshika bega, namgombeza kwa utani, naye anasema: usinigombeze, kaka, hata siku ile tanki lilikuwa tupu, na Mungu kanisamehe."

Manyunyu yaligonga mabati. Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Alidhani najua," seremala alisema. "Nafikiri alidhani nilikwishajua na nikasamehe. Alinigeuzia mgongo afungue tanki. Kasia lilikuwa pale."

"Halafu ukamjazia mafuta."

"Alikuwa ameomba mafuta. Sijui, afande. Dumu lilikuwa mkononi. Sikuweza kumwacha kule amekwama, na sikuweza kumtupa, mawimbi yamekwishanichukulia mmoja. Nikamkalisha mahali pake, nikaiwasha injini, nikaielekeza pwani ili aonekane, azikwe. Kisha nikarudi hapa nikanawa."

"Na mama wa pampu yuko mahabusu."

"Nilisikia jana usiku. Nilikuwa nimalize sanduku, nije." Hakujitetea zaidi. Inspekta alimwamini, na kumwamini hakukumpunguzia uchungu hata kidogo.

"Koplo, piga simu kituoni. Mwambie mkuu amtoe yule mama sasa hivi."

Kisha akatoa pingu. Seremala alisimama, akanyoosha mikono yote miwili.

Nyuma ya ukuta wa mbao kitanda kililia. Sauti ya mwanamke mzee ikaita kutoka ndani.

"Mwanangu, unaongea na nani?"

Seremala alimtazama Inspekta.

"Na polisi, mama. Wamekuja kusema wamempata aliyemuua mdogo wangu."

"Wamempata kweli?"

"Wamempata, mama."

"Mungu awape maisha marefu," mama alisema, na wakamsikia akilia. "Waambie wasimwachie, mwanangu. Wasimwachie kabisa."

"Nitawaambia," alisema seremala.