Mwaka wa Baba Kwenye Jiwe

Kila mwaka, sikukuu ya Watakatifu Wote ilipokaribia, Ludwika alipika supu ya biti na kusugua vioo vya mishumaa ya makaburini. Mwaka 1979 alisugua huku akiimba. Mumewe, Kapteni Konstanty, aliuawa akiwa mateka wa vita katika msitu wa Katyn, nchini Urusi. Sasa angepata jiwe la kumbukumbu hapa nyumbani, Poland.

Binti yake Mirka akaingia kutoka ofisi ya makaburi.

“Mama, wamekubali! Ila tuandike alikufa 1941.”

Mwiko ukagonga sufuria. “Alikufa arobaini!”

“Mwaka mmoja tu, Mama.”

“Mwaka mmoja tu? Basi na wewe tuandike ulizaliwa kabla ya harusi yangu!”

Jirani yao Zenon, mwalimu mstaafu, alicheka hadi akapaliwa na supu. Kisha akaweka kijiko chini.

“Mirka, mwanangu, ni akina nani waliomteka baba yako?”

“Wasovieti, 1939.”

“Barua zake zilikoma lini?”

“Baada ya majira ya baridi, 1940.”

“Na Wajerumani walifika Katyn lini?”

Mirka akakaa. “Kiangazi cha 1941.”

“Umeona? Ukiandika 1941, muuaji ni Mjerumani. Ukiandika 1940, ni yule rafiki mkubwa wa Moscow tunayemwimbia kila gwaride. Rafiki huyo ndiye aliyekiweka Chama cha Kikomunisti madarakani. Kwa hiyo Chama kinachunga hata makaburi. Kinataka tukumbuke kwa kibali!”

“Wamuue,” Ludwika alifoka, “halafu mimi mjane nilipie kuchonga uongo wao?”

“Tufanyeje sasa?” Mirka akauliza.

“Jiwe wamelishika,” alisema Zenon. “Mishumaa ni yetu.”

Jioni ya sikukuu walipanga mishumaa makaburini, juu ya udongo mtupu pale jiwe lilipopaswa kuwa. Ikasomeka 1940. Polisi akaja mbio, akaipiga teke.

“Nani kapanga hii?”

“Upepo, mwanangu,” alisema Ludwika.

“Upepo unajua hesabu?”

“Kuliko serikali.”

Polisi alipoondoka, watu waliokuwa kwenye makaburi ya jirani walisogea. Kila mmoja akaweka mshumaa wake penye pengo. Mirka akawaeleza wanawe aliokuja nao, kwa sauti ya kusikika, kwa nini ni 1940.

Walirudi kila mwaka. Mwaka 1990 Moscow yenyewe ikakiri kwamba wauaji walikuwa Wasovieti. Mchonga mawe akachonga 1940 bila kuomba kibali cha mtu.

Ludwika, mgongo umepinda, aliipapasa ile sifuri ya mwisho kwa kidole.

“Haya, Konstanty wangu. Wamekurudishia mwaka wako. Lala.”